Chali, ubavu au kifudifudi: kuchagua mlalo kwa anayeishi na mshipa wa fahamu uliobanwa

Mchana, mtu mwenye mshipa wa fahamu uliobanwa kiunoni huwa na njia zake za kujinusuru: husimama, hutembea hatua chache, huegemea ukuta, na maumivu hupungua hadi akaweza kurudi kwenye shughuli yake. Usiku njia hizo hufungwa, kwa kuwa mwili uliolala hubaki katika mkao mmoja kwa muda mrefu bila mwenyewe kujua, na kama mkao huo ndio unaoubana mshipa, atazinduka saa nane au saa tisa mguu ukiwaka kama uliomwagiwa maji ya moto. Nimeishi na hali hiyo kwa miaka 4. Diski, yaani mto laini, iliyo kati ya pingili ya mwisho ya kiuno na mfupa ulio chini yake imetokeza upande wa kushoto, na maumivu yake huanzia kwenye tako, yakapita nyuma ya paja na kwenye kigimbi, yakaishia kwenye ukingo wa nje wa wayo karibu na kidole kidogo, ambako hugeuka kuwa ganzi.

Katika miaka hiyo nimepewa ushauri mwingi na watu walionitakia mema. Shangazi yangu alisisitiza nilale sakafuni juu ya mkeka. Mwenzangu wa kazini alitaka nilale chali na nisijaribu namna nyingine yoyote. Jirani yetu, ambaye naye ni mgonjwa wa kiuno, aliapa kwamba kulala kifudifudi ndiko kulikompa nafuu. Nilijaribu yote hayo, na mengine yaliniumiza sana, lakini sikuwahi kuona kwamba yeyote kati yao alinidanganya, kwa sababu kila mmoja alinieleza kilichoufaa mgongo anaoujua. Kilichokosekana katika mazungumzo yetu yote ni swali moja lililopaswa kutangulia: mshipa umebanwa wapi, na ni mjongeo gani wa mwili unaozidi kuubana?

Unaumia ukikaa, au ukisimama?

Mshipa unaohusika mara nyingi ni siatiki, ambao ni mnene kuliko mishipa mingine yote ya fahamu mwilini. Hutokana na mizizi inayochomoza kwenye pingili za chini za kiuno na kwenye mfupa wa sakramu ulio chini yake, hupita ndani ya tako na kushuka hadi mguuni. Mizizi hiyo inaweza kubanwa kwa namna mbili ambazo maumivu yake hufanana lakini tabia zake hupingana. Namna ya kwanza ni ya diski: kiini laini cha diski husukumwa nyuma na kuugusa mzizi, na kwa kuwa kuinama mbele huzidisha msukumo huo, mgonjwa huumia zaidi akikaa kwa muda mrefu, akiinama kufua, akikohoa au akipiga chafya, na mara nyingi hupata nafuu akitembea. Namna ya pili ni ya mfereji wa uti wa mgongo uliosinyaa, jambo linalowapata zaidi waliovuka miaka 50, kwa sababu mifupa huota vinundu na kano za ndani hunenepa. Katika hali hii kuinama mbele ndiko kunakoufungua mfereji, na kujinyoosha au kujipinda nyuma ndiko kunakoubana.

Kwa hiyo, kabla ya kununua mto wowote, jichunguze mchana. Ukishuka kwenye daladala baada ya saa nzima ya foleni huku huwezi kunyooka, kisha ukatembea dakika 10 na mguu ukatulia, tabia yako inaelekea upande wa diski. Ikiwa unaweza kukaa barazani asubuhi nzima bila tatizo, lakini ukienda sokoni miguu inakuwa mizito na kufa ganzi mpaka uiname au utafute mahali pa kukaa ndipo uendelee na safari, tabia yako inaelekea upande wa mfereji uliosinyaa. Wapo wenye hali zote mbili, na wapo ambao mshipa wao unabanwa na msuli ulio ndani ya tako, si kwenye mgongo kabisa. Hata hivyo kwa wengi uchunguzi huu mdogo hutoa mwanga wa kutosha kuchagua pa kuanzia.

Uchunguzi huu wa nyumbani haumwondolei daktari kazi yake. Ganzi kwenye sehemu za siri na mahali pa kukalia, kushindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, mkojo kugoma kutoka, au mguu kuishiwa nguvu kiasi cha wayo kuburuta, si mambo ya kutafutiwa mto. Mtu mwenye dalili hizo aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu mizizi iliyobanwa kiasi hicho ikicheleweshwa inaweza isirudi katika hali yake. Vilevile, nyayo zote mbili zinazowaka kila usiku, bila kujali umelalaje, huenda zinatokana na kisukari, na hapo kupima sukari kutakusaidia kuliko kubadilisha mlalo.

Chali na ubavu

Wengi hudhani kwamba tofauti kati ya mlalo mmoja na mwingine ni uzito unaoangukia diski. Mwaka 1999, watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Hans-Joachim Wilke walichapisha vipimo vya shinikizo ndani ya diski ya mtu mmoja aliyejitolea, aliyewekewa kipimo kidogo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno. Aliposimama, shinikizo lilikuwa megapaskali 0.50. Alipolala chali lilishuka hadi 0.10, kifudifudi 0.11, na ubavu 0.12. Ni kweli kwamba huyo alikuwa mtu mmoja tu, lakini vipimo hivyo vinaonyesha jambo ambalo mgonjwa wa usiku anapaswa kulishika: kulala kwa namna yoyote huitua diski mzigo mkubwa, na tofauti kati ya milalo mitatu ni ndogo mno kuwa sababu ya ugomvi. Kinachotofautisha milalo hiyo ni umbo ambalo uti wa mgongo hulichukua, na nafasi inayobaki kwa mzizi wa mshipa katika umbo hilo.

Sifa kubwa ya kulala chali ni kwamba mgongo haupindi kushoto wala kulia, na nyonga hazizunguki. Udhaifu wake huanzia miguuni. Miguu ikinyooka, misuli inayotoka mbele ya pingili za kiuno hadi kwenye paja hukivuta kiuno kiinuke kutoka kwenye godoro. Jilaze chali, kisha upitishe kiganja chini ya kiuno: ikiwa mkono unapita bila kugusa kitu, kiuno chako kimejipinda nyuma, na huo ndio mpindo unaomtesa mwenye mfereji uliosinyaa. Dawa yake ni kuyainua magoti. Mto wa kawaida hausaidii sana kwa kazi hii, kwa kuwa ifikapo usiku wa manane umeshabonyea na kubaki foronya tu. Mimi hutumia blanketi zito nililolikunja kwa mviringo na kulifunga kwa kanga ncha zote mbili, likawa kama gogo lenye unene wa inchi 8 hivi, na hulipitisha chini ya mapaja karibu kabisa na magoti, si chini ya vigimbi, ili visigino viguse godoro bila kubeba uzito. Siku ambazo maumivu yamezidi, huteremka kitandani, nikalala chali sakafuni juu ya mkeka na kuweka vigimbi juu ya kigoda hadi magoti yakunjike kama ya mtu aliyeketi. Sijawahi kupata usingizi mzito nikiwa nimelala hivyo, wala sitarajii, lakini robo saa ya mkao huo hunirudisha kitandani nikiwa mtu mwingine.

Wapo wasiofaa kulala chali hata mgongo wao ukiupenda. Mtu anayekoroma na kukatika pumzi usingizini huzidiwa akilala chali. Mama mjamzito aliyefikisha wiki 28 hushauriwa alale ubavu, wa kushoto au wa kulia, kwa sababu uzito wa mtoto hukandamiza mishipa mikubwa ya damu iliyo nyuma ya tumbo.

Kulala ubavu kuna kazi zaidi, lakini kwa maoni yangu ndiko kunakomlipa mgonjwa zaidi. Kosa la wengi ni kulala ubavu bila mto kati ya magoti. Mguu wa juu huanguka mbele taratibu, goti likagusa godoro, nyonga ikazunguka, kiuno kikasokotwa, na msuli wa ndani ya tako ukavutwa juu ya mshipa uleule unaouma. Mto huo unapaswa kuwa mnene wa kutosha kuufanya mguu wa juu ulale sambamba na kitanda, na uwe mrefu kiasi cha kushika goti na kifundo cha mguu kwa pamoja, kwani mto unaoshika goti peke yake huuacha wayo uning'inie na kuizungusha nyonga hiyo hiyo kutoka upande wa chini. Mwenye nyonga pana na kiuno chembamba ataongeza taulo lililokunjwa chini ya kiuno, mahali ambapo pana uwazi kati ya mbavu na nyonga. Akilala juu ya upande usiouma, taulo hilo hufanya kazi ya pili iliyo kubwa zaidi: huupinda mgongo kidogo kiasi cha kuyapanua matundu ya pingili za upande wa juu, ambako mzizi uliobanwa hupita.

Ndiyo maana kwa kawaida mtu hushauriwa alale upande mzima ukiwa chini na upande unaouma ukiwa juu. Hata hivyo nimekutana na wagonjwa waliopata nafuu kwa kufanya kinyume, na hakuna sababu ya kumlazimisha mtu aache kinachompa usingizi.

Kiasi cha kukunja magoti ndicho kinachowatenganisha wagonjwa wa makundi mawili niliyoyataja. Mwenye mfereji uliosinyaa anaweza kujikunyata kabisa, magoti yakaelekea kifuani, na mara nyingi atashangaa jinsi miguu inavyotulia. Mwenye diski iliyotokeza akijikunyata hivyo usiku kucha atakuwa anaendelea kuinama kama aliyeinamia karai la nguo, na atalipia asubuhi. Yeye akunje magoti kidogo tu na kuuacha mgongo ubaki na mpindo wake wa asili. Kwa sababu hiyo, mtu ambaye bado hajajua chanzo cha maumivu yake ningemwanzisha na ubavu. Ni mlalo pekee anaoweza kuurekebisha kuelekea upande wowote kadiri anavyoendelea kujielewa, bila kununua kitu zaidi ya mto mmoja. Wanandoa wanaolala kwenye kitanda cha futi 4 kwa 6 watapata shida ya nafasi, kwa maana mto wa magotini ni kama mtu wa tatu kitandani. Sisi nyumbani tulibadilishana pande za kitanda ili upande wangu mzima ukae chini nikiwa nimeelekea nje, na neno hilo dogo lilitupunguzia kero nyingi.

Kifudifudi

Kulala kifudifudi kunalaumiwa kuliko milalo yote, na kwa mwenye mfereji uliosinyaa lawama hiyo ni ya haki, kwa kuwa tumbo huzama kwenye godoro na kiuno kikajipinda nyuma usiku mzima. Shingo nayo haina budi kugeuzwa upande mmoja, jambo ambalo hubana matundu ya mizizi ya shingoni upande huo.

Lakini jirani yetu hakusema uongo. Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand, alisimulia kwamba mwaka 1956 mgonjwa wake mmoja mwenye maumivu ya mguu alijilaza kifudifudi juu ya kitanda cha matibabu kilichokuwa kimeinuliwa upande wa kichwa. Alipomkuta katika mkao huo, kiuno kimejipinda nyuma, aliingiwa na hofu, na mgonjwa akamwambia kwamba mguu umetulia kuliko siku zote zilizotangulia. Kutokana na tukio hilo, McKenzie alijenga njia ya matibabu ambayo mpaka leo hutumiwa na wataalamu wa fiziotherapia, na ndani yake mna kanuni moja ambayo kila mgonjwa wa siatiki anapaswa kuifahamu: maumivu yanayopanda kutoka kigimbini na kurudi kiunoni ni dalili njema, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa muda, ilhali maumivu yanayoshuka kuelekea wayoni ni dalili kwamba mzizi unabanwa zaidi.

Kwa hiyo, mwenye diski iliyotokeza, ambaye huona maumivu yake yakipanda anapolala kifudifudi, anaweza kukaa hivyo dakika 5 hadi 10 kabla ya kulala, kisha ageukie ubavu. Kulala hivyo usiku kucha sikushauri. Asiyeweza kabisa kupata usingizi kwa namna nyingine aweke mto mwembamba chini ya tumbo na nyonga ili kiuno kisizame, na auondoe mto wa kichwani.

Kuhusu kulala nusu ya kuketi, kwa kuegemea mito mingi, maneno ni machache. Huwafaa baadhi ya wenye mfereji uliosinyaa na wale ambao tindikali ya tumbo huwapanda kooni, na huwaumiza wenye diski kwa sababu ileile inayofanya daladala iwaumize.

Mshipa ukibanwa shingoni au mkononi

Anayebanwa mshipa wa shingo na kusikia maumivu yakishuka begani hadi vidoleni ana jambo moja la kupima kwanza, nalo ni urefu wa mto. Akilala ubavu, mto ujaze nafasi iliyo kati ya sikio na bega, wala usizidi. Akilala chali, mto huo huo utakuwa mrefu mno na utakisukuma kidevu kifuani, kwa hiyo anayegeukageuka usiku anahitaji mto wa kati unaobonyea katikati. Wengine hupata nafuu wakiweka kiganja juu ya utosi, na kwa hao kulala chali huku mkono unaouma umeinuliwa na kupumzishwa juu ya mto kunaweza kuwa mlalo bora kuliko wote. Kifudifudi hakuwafai.

Ganzi ya usiku kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, ambayo humwamsha mtu akaukung'uta mkono hadi damu irudi kama wanavyosema watu, kwa kawaida si ya damu. Ni ya mshipa unaopita katika njia nyembamba ya kifundo cha mkono. Mwaka 1981, Richard Gelberman na wenzake nchini Marekani walipima shinikizo ndani ya njia hiyo, wakakuta wastani wa milimita 2.5 za zebaki kwa watu wazima wa afya na 32 kwa wagonjwa, kifundo kikiwa kimenyooka. Wagonjwa walipokunja kifundo kikamilifu, shinikizo lilipanda hadi 94. Hapa chali au ubavu havina uzito kama kifundo chenyewe. Mtu anayelala mikono imekunjwa chini ya shavu anaukandamiza mshipa huo kwa saa nyingi, na kifaa cha kufunga mkononi chenye bati jembamba upande wa kiganja, kikishika kifundo kinyooke usiku, humsaidia kuliko mto wowote. Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho na cha pete, mshipa unaobanwa huwa ni ule wa kiwiko, na tiba ya usiku ni taulo lililozungushwa kiwikoni kwa ulegevu ili mkono usikunjike sana.

Godoro na sakafu

Mkeka wa shangazi unastahili heshima, kwa kuwa wazee wengi wameulalia maisha yao yote. Lakini imani kwamba kadiri pa kulalia panavyokuwa pagumu ndivyo mgongo unavyopona haikuthibitika ilipopimwa. Mwaka 2003, Francisco Kovacs na wenzake nchini Hispania waliwagawia watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno magodoro magumu au ya ugumu wa kati, na baada ya siku 90 waliolalia ya ugumu wa kati walikuwa na nafuu zaidi. Watu hao hawakuchaguliwa kwa kubanwa mshipa, kwa hiyo simwambii mtu atupe godoro lake. Ninachosema ni kwamba anayelala ubavu kwenye sakafu hukandamiza bega na nyonga, akageuka kila mara, na faida ya mlalo wake ikapotea. Tatizo la nyumba nyingi ni sponji iliyobonyea katikati, na pengine chaga zilizolegea au kuvunjika chini yake. Inua godoro uziangalie kabla ya kulaumu mlalo wako.

Kuujaribu mlalo, na saa ya kwanza ya asubuhi

Usihukumu mlalo kwa usiku mmoja. Mimi niliupa kila mlalo usiku 5, na katika daftari nikaandika mambo mawili tu: nimeamka saa ngapi, na maumivu yako wapi. Ukali wa maumivu hubadilika kwa kazi ya mchana, kwa baridi na kwa mawazo, lakini mahali yalipo husema kweli zaidi. Wiki ambayo maneno "kigimbi" na "wayo" yalipungua daftarini na neno "tako" likaongezeka, nilijua nimepata mlalo wangu, ingawa usingizi wenyewe ulikuwa bado haujatengemaa.

Asubuhi nayo ni sehemu ya uchaguzi huo. Katika kipimo kile cha Ujerumani, shinikizo ndani ya diski lilipanda kutoka 0.10 hadi 0.24 katika saa 7 za usingizi, kwa kuwa diski isiyo na mzigo hufyonza maji na kujaa. Mwenye diski iliyotokeza huamka nayo ikiwa imejaa, na kuinama wakati huo humgharimu kuliko kuinama mchana. Ageuke kwanza ubavu, ateremshe miguu ukingoni mwa kitanda, ajisukume kwa mikono hadi aketi, kisha asimame bila kukawia. Anayeswali alfajiri na kuona rukuu na sijida zinamchoma mguu ana ruhusa ya mgonjwa ya kuziashiria kwa kadiri anavyoweza, na asione haya kuitumia. Nyumbani kwangu, ndoo ya maji ya kunawia uso sasa inakaa juu ya meza ndogo uani, na kabla ya kuigusa huzunguka ua mara kadhaa, taratibu, mpaka wayo wa kushoto uanze kuusikia tena ubaridi wa saruji.